Siku Thelathini na Nne za Malkia Mwema

"Wakazi wote wa Hadlingfold mnatangaziwa kwamba, kuanzia Jumatatu tarehe tatu Machi, saa tatu kamili asubuhi, Malkia Mary wa Kwanza, aliyefariki mwaka 1558, atakuwa mtu mwema. Wananchi mnaombwa kutoa ushirikiano."

Tangazo hilo niliandika mimi. Sijisifu, nasema tu. Nilikuwa wiki ya pili kazini, shahada yangu ya historia haijakauka wino, na cheo changu kilikuwa kirefu kuliko meza yangu: Afisa Msaidizi wa Sifa za Malkia Marehemu, Baraza la Mji wa Hadlingfold. Mama alipiga simu kwa kila ndugu tuliye naye Sussex nzima. Bibi aliuliza swali moja tu: "Huyo marehemu analalamika?" Nikamwambia hapana. Akasema hiyo ndiyo kazi.

Sasa, kwa nini malkia wa watu ahitaji idara? Yaani hapo ndipo utamu ulipo. Huyu mama aliwachoma watu moto wakiwa hai, karibu mia tatu, kwa sababu ya dini. Sita kati yao walichomwa hapa kwetu, sokoni, pale penye duka la miwani leo. Tangu hapo mji mzima umekuwa ukimchukia bure, bila utaratibu, bila kibali, kila mtu kivyake. Hadi alipotokea Mheshimiwa Crispin Prowse.

Mheshimiwa Prowse alihamia kwetu kutoka London miaka miwili iliyopita, kwa ajili ya hewa. Mwezi Februari akawa Mwenyekiti wa Baraza. Ni mtu wa skafu ya rangi ya haradali, kiangazi na masika, na haendi mahali bila mwavuli uliokunjwa. Wiki yake ya kwanza ofisini alisikia kwamba kwenye sanduku la marehemu mmoja imepatikana barua ya zamani ya mpika mapai, inayosema Malkia alilala Hadlingfold usiku mmoja kiangazi kile alichoshika ufalme, na akalisifu pai.

Mimi, kwa ujinga wa shule, nikainua mkono. Nikasema kiangazi kile Malkia alitoka Suffolk akaingia London. Ili alale Sussex ingebidi aipite London, aje kwetu, ale pai, halafu ageuke arudi London kushangiliwa.

"Kwa hiyo unasema," akauliza Mheshimiwa, "alijisumbua kiasi hicho kwa ajili yetu?"

Ikaandikwa kwenye muhtasari: Malkia alijisumbua.

Basi Idara ikazaliwa. Mkakati ulikuwa mmoja na ulikuwa mzuri: tusibishane na mambo ya kuchoma watu. Kuchoma kulianza baadaye. Sisi tushughulike na mwaka wa kwanza tu, wakati kila mtu alimpenda. Mabango yaseme MWAKA WA KWANZA, vikombe viseme MWAKA WA KWANZA, na mengine yote yahesabiwe kuwa jukumu la idara nyingine. Idara hiyo nyingine haikuwepo, na hilo lilionekana kuwa faida.

Kikao cha kupitisha mwaka nakikumbuka neno kwa neno. Chai ilikuwa imepoa na biskuti zilizobaki ni zile ambazo hakuna anayezipenda. Tulikuwa watatu: Mheshimiwa, mwanasheria wa Baraza Bwana Ockenden, na mimi.

"Haya Tamsin, tueleze," akasema Mheshimiwa. "Julai 1553 mpaka Julai 1554. Raha tupu?"

"Mwanzo raha tupu, Mheshimiwa. Kengele, divai, watu wanarusha kofia. Ila Februari kuna binti wa kama miaka kumi na sita alikatwa kichwa."

"Alifanya nini?"

"Alikuwa malkia kwa siku tisa kabla ya huyu wetu. Hakuomba. Wakubwa walimweka."

Bwana Ockenden akaacha kukoroga chai.

"Mwaka wetu utaishia Januari," akasema Mheshimiwa.

"Januari kuna uasi. Watu walitoka Kent na silaha mpaka malango ya London, kwa sababu ya mchumba wa Malkia."

"Kwani mchumba ana nini?"

"Mhispania."

"Desemba, basi. Novemba. Tamsin, mwanangu, hebu nitajie tarehe ambayo watu walikuwa bado na vichwa vyao."

Nikapekua. "Agosti tarehe ishirini na mbili kuna mkubwa mmoja, Duke, naye alikatwa. Kabla ya hapo kuko shwari."

"Tarehe ishirini na moja?"

"Wote wana vichwa."

Akagonga meza kwa mpini wa mwavuli. Ikapitishwa kwa kauli moja kwamba, kwa madhumuni ya Idara, Mwaka wa Kwanza unaanza tarehe kumi na tisa Julai na unaisha tarehe ishirini na moja Agosti, na una siku thelathini na nne. Bwana Ockenden akauliza kama kisheria huo bado ni mwaka. Akajibiwa kwamba ni mwaka uliolengwa.

Baada ya hapo kulikuwa na suala la tabasamu. Picha zote za Malkia Mary amekaza mdomo kama mtu aliyeuziwa samaki wa jana. Ikaundwa kamati ndogo. Ilikaa mara saba. Meno yalikataliwa kwa sababu hayakuwa na uthibitisho. Kikao cha saba kikatoka na Tabasamu Rasmi: midomo imefungwa, pembe zote mbili zimepanda milimita tatu, wala zisizidi. Mheshimiwa alijipima mwenyewe kwa rula mbele ya kioo cha msalani ili tuwe na mfano hai. Tukatundika bango mbele ya ukumbi wa mji. Watoto walilia kidogo, wakazoea.

Mpaka hapo mambo yalikwenda kama maji kwenye mfereji. Halafu ikaja Septemba, na Septemba huku kwetu watu wanaanza kukusanya kuni.

Sisi wa Hadlingfold, kila tarehe tano Novemba, jioni, tunashika mienge. Chama cha Moto kinaongoza, mji mzima nyuma, nyuso zimepakwa masizi, tunashuka hadi uwanja wa chini. Hapo yanasomwa majina ya wale sita. Kila jina likisomwa, watu wanaitikia: "Yupo." Halafu inachomwa sanamu moja kubwa, ndani imejaa fataki. Na sanamu si ya mtu yeyote tu. Ni ya Adui wa Moto, yaani yeyote ambaye mwaka huo alijaribu kuuingilia moto wetu. Mwaka niliozaliwa alichomwa mkuu wa zimamoto. Mwaka niliofanya mtihani alichomwa mtu wa bima, akiwa na kalamu yake sikioni. Ni heshima fulani, ukiiangalia kwa mbali.

Mheshimiwa Prowse hakulijua hili. Miaka yote miwili alikuwa likizo Ureno. Na hakuniuliza. Kazi yangu ni kujibu maswali yaliyoulizwa.

Alichokijua ni kwamba kuna watu wanasoma majina ya waliochomwa, hadharani, katika mji ambao Malkia wake anatabasamu. Akatoa Waraka Namba Kumi na Nne. Moto unaruhusiwa, ulisema Waraka, kwa sababu Baraza linapenda utamaduni. Lakini sanamu lazima iombewe kibali kwa fomu na lazima iwe na Tabasamu Rasmi. Majina yasisomwe, isipokuwa yaliyomo katika chapisho la Idara. Mwenyekiti atawasha moto kwa mkono wake mwenyewe, na akishapanda jukwaani hawezi kukabidhi kazi hiyo kwa mtu mwingine. Kifungu chochote kikivunjwa na Chama, Chama kitapoteza uwanja. Kikivunjwa na Baraza, Baraza litapoteza haki ya kuusimamia moto kwa miaka hamsini. Kifungu hicho cha mwisho alikiongeza Bwana Ockenden ili Waraka uonekane wa haki.

Siku ya pili yake akaja Bi Hilary Pannett.

Bi Hilary ndiye Kapteni wa Chama cha Moto. Ana miaka sabini na mbili, amepeleka barua mji huu miaka arobaini, na amesoma yale majina miaka thelathini na mmoja. Barua yangu ya kukubaliwa chuo aliileta yeye. Aliishika juu ikamulikwa na jua pale getini, akaniambia "umepata" kabla sijaigusa. Sasa alikuwa amesimama mbele ya meza yangu na viatu vyake vya matope, Waraka mkononi.

"Tamsin. Hii takataka umeandika wewe?"

"Nimechapa tu, Bi Hilary."

"Ulivyokuwa na akili. Nikasema yule mtoto wa Akehurst atafika mbali. Kumbe umefika hapa."

"Kuna mafao."

"Kaa na mafao yako." Akavuta kiti bila kukaribishwa. "Nisikilize, mwanangu. Wale watu hawana kaburi. Majivu yao walizoa na ufagio. Hakuna jiwe, hakuna kibao, pale walipofia sasa hivi kuna fremu za miwani nusu bei. Walicho nacho ni mimi na karatasi yangu, dakika mbili kwa mwaka. Mwaka huu nisisome, kuna watoto hawatasikia. Miaka kumi, hakuna atakayejua kuna kitu hakikusomwa. Nikisoma, mnachukua uwanja, moto umekufa. Sasa niambie wewe msomi, nifanye nini?"

Chuoni hawakutufundisha hilo. Nikampa fomu.

Akaitazama fomu, pande zote mbili, kama alivyokuwa akitazama barua isiyo na stempu. "Hapa panasema 'Maelezo ya sanamu'. Hawaulizi jina?"

"Hawaulizi."

"Nani anasaini?"

"Mheshimiwa mwenyewe. Kila Alhamisi, rundo zima."

"Anasoma?"

Nikamwambia Mheshimiwa ni mtu wa picha kubwa.

Akaomba kalamu.

Wiki ileile Mheshimiwa alinituma masijala, kule chini, nitafute ushahidi wa jinsi mji ulivyoendeshwa vizuri enzi za Malkia. Kijitabu cha Idara kilikuwa na kurasa nane na yeye alitaka tisa. Nikakaa siku mbili na vumbi. Siku ya pili nikapata karatasi moja, ya Juni 1556. Ni taarifa ya karani wa mji kwa wakubwa wake. Inaanza hivi:

"Zoezi la Jumamosi sokoni limekamilika kwa utulivu. Kuni zilitosha. Mvua ilichelewesha kidogo. Wananchi walitoa ushirikiano."

Chini yake, majina sita na kazi zao. Halafu sahihi. Mwandiko safi ajabu, mistari imenyooka. Alikuwa karani msaidizi.

Nilisoma ile karatasi mara tatu, na nikafikiria tangazo langu la mwezi Machi. Sijui kwa nini. Maneno ya kazi hufanana.

Nikapanda nayo juu. Mheshimiwa alikuwa anajaribu vikombe.

"'Limekamilika kwa utulivu,'" akasoma, mstari wa kwanza, kwa sauti. "Umeona? Utulivu. Hiki ndicho nilikuwa nakitafuta."

"Mheshimiwa, hii ni ya 1556. Iko nje ya siku thelathini na nne. Na lile zoezi lenyewe..."

"Tamsin, utulivu hauna tarehe. Weka ukurasa wa tisa."

"Nikate chini?"

"Usikate hata neno moja. Wageni wanapenda kitu halisi. Tena tarehe tano nitausoma mwenyewe, kabla ya kuwasha. Watajua kwamba mji huu umekuwa na utaratibu tangu zamani."

"Utataka kuusoma wote kwanza, Mheshimiwa?"

"Binti, nimekuwa nikisoma nyaraka tangu wewe hujazaliwa."

Nikaweka ukurasa wa tisa. Wote. Ni agizo halali, limo kwenye faili.

Alhamisi akasaini rundo. Fomu ya Bi Hilary aliifurahia hadi akaisoma kwa Bwana Ockenden. "'Kiongozi katika mwaka wake wa kwanza, anayejiona anapendwa na watu, bado hajaeleweka. Anatabasamu.' Mama wa watu ameelewa. Nilisema wataelimika." Akapiga mhuri mara mbili, ya pili kwa furaha.

Bwana Ockenden aliichukua ile fomu, akaisoma taratibu, akanitazama mimi, akatazama skafu ya haradali kwenye kiti. Yeye ni mzaliwa wa hapa. Babu yake alichomwa kama sanamu mwaka 1934 kwa suala la vumbi la mkaa. Akairudisha kwenye faili na kusema kisheria iko sawa.

Tarehe tano ikafika. Mienge ilishuka kutoka kanisani mpaka chini, ile harufu ya mafuta ya taa na soseji za kukaanga, matope mpaka kwenye fundo la mguu. Hakukuwa na kelele ya kawaida. Watu walikuwa wameshaambiwa majina hayasomwi. Bi Hilary alikuja mikono mitupu. Nilimwona anajipapasa mfukoni mahali karatasi inapokaa, halafu anaiacha mikono ining'inie.

Sanamu ilisimama katikati ya uwanja, ndefu kama nyumba ya ghorofa, imefunikwa shuka jeupe. Mheshimiwa alipanda jukwaani saa moja kasoro dakika tano, mkufu wa cheo shingoni, juu ya mkufu koti la usalama la njano, juu ya koti skafu. Akashika kipaza sauti. Akafungua kijitabu.

"Wananchi wa Hadlingfold. Leo nitawasomea maneno ya mji wenu wenyewe. Ukurasa wa tisa. 'Zoezi la Jumamosi sokoni limekamilika kwa utulivu.'" Akanyamaza ili iwaingie. "'Kuni zilitosha.'"

Mtu mmoja nyuma akaacha kutafuna.

"'Mvua ilichelewesha kidogo. Wananchi walitoa ushirikiano. Walioteketezwa ni hawa...'"

Hapo akainua macho. Elfu mbili tulikuwa pale, masizi usoni. Akayarudisha kwenye ukurasa. Mtu mwingine angefunga kijitabu, lakini huyu alikuwa anasoma waraka rasmi, wenye nembo yake, mbele ya wapiga picha wawili wa gazeti, na kwa mtu wa ofisi kusimama katikati ya waraka ni vigumu kuliko kumaliza.

"'Joan Wickens, mjane, mtengeneza jibini,'" akasoma.

"Yupo," ukasema uwanja.

Akashtuka. Akadhani ni mtu mmoja mwenye sauti kubwa.

"'Thomas Goble, fundi viatu.'"

"Yupo."

"'Alice, mke wa huyo.'"

"Yupo."

Bi Hilary alikuwa amesimama karibu nami. Midomo yake ilikuwa inakwenda pamoja naye, haitoi sauti, jina kwa jina, hajakosea hata moja.

"'William Tester, mkulima. Denys Hoad, kipofu.'" Sauti ya Mheshimiwa ilikuwa imeshuka, akawa anasoma kama mtu anayesoma kwa mara ya kwanza, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. "'Margery Akehurst, mtumishi.'"

Nimelisikia jina hilo, la ukoo wetu, kila mwaka tangu nibebwe mabegani. Nikaitikia na wengine.

Halafu Bi Hilary akapunga mkono na shuka likaanguka.

Mheshimiwa aliiona skafu kwanza. Haradali, mita sita. Kisha mwavuli uliokunjwa. Kisha uso, na chini ya pua, midomo imefungwa, pembe zimepanda sawasawa. Mafundi walipima kwa uwiano.

"Huyu ni nani?" akauliza, na kipaza sauti kilikuwa bado wazi.

"Kiongozi katika mwaka wake wa kwanza, Mheshimiwa," akajibu Bi Hilary. "Umesaini. Mhuri mara mbili."

"Nilidhani Malkia."

"Malkia kafa zamani, baba. Hajatugusa mwaka huu."

Akageuka. "Ockenden. Siwezi kuwasha hii."

Bwana Ockenden alikuwa na Waraka tayari, kwenye mfuko wa plastiki, kwa ajili ya mvua. "Unaweza usiwashe, Mheshimiwa. Baraza litakuwa limevunja kifungu, na halitausimamia moto huu kwa miaka hamsini."

"Nikiwasha?"

"Utakuwa umewaka."

Bi Hilary akamletea mwenge. Alimshikisha kwa mikono miwili, kwa upole, kama anavyomshikisha mtu barua ya msiba. "Usisimame upande wa upepo," akamwambia. "Tumbo lote ni fataki."

Mheshimiwa akaigeukia sanamu yake. Wapiga picha wakamwita, wakataka atazame huku. Na hapo, sijui ni mazoea, sijui ni kioo cha msalani, mdomo wake ukajipanga wenyewe. Milimita tatu. Akaweka mwenge. Picha ilitoka ukurasa wa kwanza, wote wawili wanatabasamu, mmoja anaungua.

Kesho yake saa tatu asubuhi kikaitishwa kikao cha dharura. Mheshimiwa alikuwa hana skafu. Alisema kwamba sifa ya mtu haiwezi kuachwa mikononi mwa umati, na kwamba kumbukumbu ya uongozi wake inahitaji kusimamiwa kitaalamu. Tukaunda Idara ya Sifa za Mwenyekiti. Mimi nikapandishwa cheo, siyo msaidizi tena.

"Tuanze na mwaka wa kwanza," akasema. "Tamsin, ulikuwaje?"

Nikafungua faili. Nikasema Novemba kuna suala la moto. Septemba kuna Waraka. Machi kuna Malkia. Mwanzoni kabisa, Februari, kuna wiki moja ambayo alikuwa na mafua na hakuja ofisini, na wananchi hawakuwa na malalamiko yoyote.

Akafikiri. Bwana Ockenden akafikiri.

Ikapitishwa kwa kauli moja kwamba Mwaka wa Kwanza wa Mheshimiwa Prowse una siku tano za kazi. Kilichotokea baada ya hapo ni jukumu la idara nyingine. Safari hii idara hiyo ipo, makao yake ni nyumbani kwa Bi Hilary, jikoni, na mwaka ujao karatasi yake ya kusoma itakuwa ileile, majina sita, ambayo sasa yamo katika chapisho la Idara. Ameniomba nimwandikie kwa herufi kubwa zaidi, macho yanachoka. Nimeshamwandikia, mwandiko safi, mistari imenyooka.